Nguzo Bila Saruji

Kujenga banda la zana za trekta si kazi ya kumtia mtu kiburi. Unahitaji nguzo sita, kenchi tatu, papi za kupigilia bati na bati zenyewe, hata kama ni za mtumba zenye matundu ya misumari ya mwenyewe wa kwanza. Kuta huhitaji. Ukiweka kuta unauzuia upepo usikaushe chuma, na chuma kisichokauka huliwa na kutu polepole huku wewe ukijisifu kwamba umekiepusha na mvua. Chini unamwaga kokoto ili maji yasituame. Upande mmoja unauacha wazi, ule ambao trekta litarudi kinyumenyume kuja kuchukua plau. Basi. Nimejenga mabanda manne maishani mwangu, matatu ya watu na moja langu. Yale ya watu yamesimama hadi leo. Langu lilisimama misimu miwili.

Zana zilikuwa zangu. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu kwetu wanaopenda kulisimulia jambo hili kuanzia katikati, pale banda linapoanguka, na wakianzia hapo mimi ndiye mjinga wa hadithi. Nilikuwa na plau la disi tatu, haro ya kuvunja mabonge ya udongo, planta ya mistari miwili na tela. Marehemu baba alinipa akiwa na akili zake timamu, mbele ya mama, mbele ya mdogo wangu na mbele ya mshili, ndivyo sisi Wameru tunavyomwita kiongozi wa ukoo. Hakuna aliyebisha siku ile.

Nyumbani kwetu ni chini ya Maji ya Chai, unaiacha barabara ya lami na kushuka kwa miguu kama nusu saa, pale ambapo migomba inaanza kupungua na mahindi yanachukua nafasi. Nilirudi hapo nikiwa na miaka thelathini na moja, nikitokea Moshono nilikoolewa, nikiwa na mtoto mmoja wa kiume na mabegi mawili. Mume wangu alikuwa ameleta mwanamke mwingine ndani ya nyumba na kunitaka tuzoeane. Baba hakuniuliza lolote. Aliniangalia nikiwa nimekaa jikoni siku ya tatu macho yamevimba, akanipa kopo la grisi na kuniambia niende nikapake nipo za haro kabla mvua haijaiharibu. Sikujua nipo ni nini. Nikatafuta mpaka nikazijua, vile vichuchu vya chuma vya kuingizia grisi, na tangu siku ile nikawa mtu wa trekta.

Nilifanya kazi na baba miaka kumi na mbili. Nilijua kufunga plau peke yangu, nikisukuma kwa mguu na kuvuta kwa mkono mpaka tundu lipatane na pini. Nilijua kwa sauti tu kwamba beringi ya disi ya nyuma inakufa. Wakulima wa huko chini walizoea kuona mwanamke juu ya trekta, na waliokuwa wakicheka mwanzoni waliacha kucheka walipoona mistari yangu imenyooka kuliko ya baba. Mdogo wangu, wa kiume na wa mwisho kuzaliwa, alikuwa mjini akiuza vipuri dukani kwa mtu. Ndugu zetu wengine walishatangulia mbele za haki. Tulibaki wawili.

Baba alipoona siku zake zinakaribia akatuita. Akasema trekta ni la mwanawe wa kiume, na zana ni za dada yake. Nyumba, kwa desturi yetu, inabaki kwa kitinda mimba. Shamba halikugawanywa, litakaa hivyo mpaka ukoo ukae kikao. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile silisahau, la mtu aliyecheza karata nzuri. "Hakuna atakayelima bila mwenzake," akasema. Aliamini ametufunga pamoja tusigombane. Mzee wangu alikuwa fundi mzuri wa chuma, lakini watu hawajui kuwafunga kwa pini.

Tulipomzika, mdogo wangu aliacha kazi mjini akarudi na mke na watoto. Tukaanza kulima pamoja, yeye akiendesha na mimi nikifunga na kurekebisha zana. Sitasema alikuwa mvivu. Alijifunza haraka, na tulichopata tuligawana bila maneno. Tatizo lilikuwa zana zikishamaliza kazi. Enzi za baba zililazwa kando ya ua chini ya turubai, na turubai lile lilikuwa limechoka, limebaki vipande. Masika yakazikuta nje. Nilipoinua plau nikaona kutu imeingia mpaka kwenye shingo za disi. Matairi ya tela yalishaanza kupasuka kwa jua. Na wale jamaa wa chuma chakavu wanaopita na mizani begani wakaanza kupunguza mwendo kila wakifika kwetu, wanaliangalia plau langu kama fisi anavyoangalia mbuzi mgonjwa.

Ndipo nikaamua kujenga banda. Nilienda Sombetini, kuna watu kule wanaouza bati na mbao za nyumba zilizobomolewa, nikachagua bati moja moja nikiziinua juani kuona matundu. Nikanunua mirunda ya mkaratusi iliyokauka vizuri. Na nikanunua mifuko miwili ya saruji.

Saruji ile haikuwa anasa. Udongo wa kwetu umetoka kwenye mlima. Ni majivu ya kale, mweusi, mwepesi, wenye vijiwe vya matundumatundu ambavyo ukivitupa kwenye ndoo ya maji vinaelea. Mahindi yanaupenda. Nguzo haziupendi. Ukisimamisha nguzo na kuishindilia udongo ule ule ulioutoa shimoni, kiangazi itakaa wima usiitilie shaka. Masika udongo ukishiba maji unakuwa uji, na nguzo inabaki imesimama kwa mazoea tu. Kila fundi wa kwetu anajua hilo. Zege la ndoo mbili kila shimo, na habari imekwisha.

Mdogo wangu aliikuta mifuko barazani kwangu.

"Dada, hii saruji ni ya nini?"

"Ya nguzo. Najenga banda la zana."

Akaigusa kwa ncha ya kiatu. "Banda sawa. Saruji hapana."

Nilidhani anatania. Nikamwambia kama anajua dawa nyingine ya udongo huu anifundishe. Hakucheka.

"Mimi sina shida na wewe, Dada," akasema. "Nina shida na kesho. Wewe una kijana. Kesho atakuja hapa aseme, mama yangu alijenga, zege lake hili hapa. Nitamjibu nini?"

Kijana wangu wakati huo alikuwa chuoni Morogoro. Alikuwa hapendi hata vumbi la shamba, akija likizo anatembea kwa kuruka ruka. Lakini nilielewa mdogo wangu anasema nini, na hapo ndipo panaponiuma, kwamba nilielewa. Kwetu, mtu akikuazima shamba unapanda mahindi na maharage. Hupandi mgomba wala kahawa, kwa sababu kitu kinachokaa ardhini miaka mingi kinageuka ushahidi. Zege ni zaidi ya kahawa. Na mtoto wa kike aliyerudi kutoka kwa mumewe, hata akilima miaka kumi na mbili, hata akiwa ndiye aliyemwosha baba yake na kumlisha mpaka mwisho, yuko pale kama mahindi, msimu kwa msimu.

Tukaenda kwa mshili. Ni mzee mwenye heshima zake, anavaa koti la suti hata jua likiwa la utosi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akatusikiliza wote wawili bila kumkatiza mtu. Kisha akafunga na kufungua kiganja mara kadhaa kama anayepima kitu.

"Banda ni la kusitiri," akasema. "Jenga, mwanangu, usitiri zana zako, hakuna atakayekukataza. Ila nguzo ziingie kwenye udongo mtupu, ili siku yoyote ziweze kung'oka."

Siku yoyote. Sikumwuliza siku gani. Nikasema nimesikia, nikashukuru, tukarudi. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, kila neno, na sasa nitaeleza nilivyovunjika.

Ningeweza kumwaga lile zege Jumapili moja wote wakiwa kanisani. Shimo likishafukiwa nani angejua? Nililifikiria hilo nikiwa kwenye kwaya, wenzangu wanaimba sauti ya pili na mimi nahesabu ndoo za kokoto. Sikufanya. Nililelewa vizuri, na ninayajutia malezi yale mpaka leo.

Wiki chache baadaye mdogo wangu akaja kuniomba ile mifuko. Walitaka kusakafia kaburi la baba kabla ya ibada ya kumbukumbu, na duka la Maji ya Chai lilikuwa limeishiwa. Nikampa. Ningemnyima vipi? Siku ya ibada nikasimama na wengine nikaimba, mchungaji akaomba, na muda wote nilikuwa naiangalia saruji yangu imekaa pale, laini, imepigwa kwa mwiko ikang'aa, imekaa kwenye ardhi ya ukoo milele na hakuna aliyeona hatari. Nilitaka kucheka nikaogopa watu wangedhani ni kilio.

Banda nikalijenga kama nilivyoambiwa. Kwa kuwa zege limekatazwa, nilitumia ujanja wote niliokuwa nao. Nilichimba mashimo kwa mtaimbo mpaka mkono wangu ukazama wote na bega likagusa chini. Miguu ya nguzo niliipaka oili chafu tabaka tatu ili mchwa wasiiguse. Shimoni nilishindilia mawe ya mtoni badala ya udongo, nikitanguliza makubwa na kuziba kwa madogo. Paa nililishusha chini, chini kuliko paa la kawaida, ili upepo upite juu usipate pa kushika. Na kila baada ya nguzo mbili nikapigilia mbao ya mshazari, inayotoka chini ya nguzo moja kwenda juu ya nyingine, ila ile ya mbele niliianzishia juu zaidi ili zana zipite chini yake. Mbao hizo ndizo zilizokuwa zinafanya kazi ya zege. Ukiziondoa hizo, banda lile ni bati zilizowekwa juu ya vijiti.

Mama ndiye aliyenishikia kamba. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini, anashika ncha ya kamba kwa mikono miwili kana kwamba kuna anayevuta upande wa pili. Nilikuwa nanung'unika. Nilikuwa nasema mambo ya desturi na mambo ya kunyanyaswa, na kwamba mimi ni mtoto wa boma hili. Akanisikiliza mpaka nikachoka.

"Mimi nipo hapa miaka hamsini na tano," akasema. "Umeshaniona na nguzo?"

Nikamwomba asogee kidogo kushoto.

Lilipokwisha nilifurahi, siwezi kukana. Plau nililikalisha juu ya magogo, disi zisiguse ardhi, nikazipaka grisi. Haro ikawa pembeni, planta nyuma ambako hakuna rasharasha za mvua, tela nikaliinua kwa mawe ili matairi yapumzike. Mvua ya kwanza iliponyesha nilitoka nikaenda kusimama ndani ya banda nikaisikiliza ikipiga bati. Hakuna tone lililogusa chuma. Kuanzia hapo, mchana kazi ikipungua, nilikuwa nakwenda kukaa pale kwenye ubao wa tela nikinoa panga, au sifanyi lolote. Jikoni ni kwa mke wa mdogo wangu, sebule ni ya mdogo wangu, chumba ninacholala nilipewa. Pale bandani nilikuwa sihitaji kumwambia mtu naomba nipite. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia tangu mwanzo, na sikujua mpaka nilipokipata.

Watu wakaja kuliona. Watatu wakaniomba niwajengee la kwao, wawili kwetu na mmoja kule Mbuguni. Yote matatu nikayamwagia zege. Hakuna aliyenikataza, maana nilikuwa fundi, na zege la fundi halimdai mtu urithi.

Msimu wa pili, masika yakianza, nilikwenda mjini siku mbili kutafuta beringi za haro. Niliporudi nikakuta trekta liko ndani ya banda langu na zana zangu ziko nje, zimesukumwa mpaka kwenye ua. Plau limelazwa ubavu, disi zimezama kwenye matope. Na mbao moja ya mshazari, ile ya upande wa mbele, haipo. Imekatwa kwa msumeno juu na chini, safi kabisa, ili eksozi ya trekta, lile bomba la moshi linalosimama juu ya injini, ipite.

Nilimkuta mdogo wangu anakunywa chai.

"Umekata mbao yangu."

"Dada, pole na safari." Akanisogezea kiti. "Trekta lilikuwa linalowana. Kiti chote kimeoza. Si ni banda tu?"

"Ile mbao ndiyo inayoshika banda."

"Mbao moja?"

"Moja. Irudishe."

"Nikiirudisha trekta halitoki," akasema, na hilo lilikuwa kweli. "Tulime kwanza. Mvua hii ikipita nitakusaidia kuliinua paa, tulipange upya."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, anasubiri nipige kelele. Mama alikuwa kwenye kigoda anachambua maharage na hakuinua uso. Watu wa chini walishaanza kupiga simu, wanataka mashamba yao yalimwe kabla mvua haijakolea. Tungegombana siku ile tungelima saa ngapi? Nikameza. Nikasema, "Sawa."

Neno lile moja.

Haikupita wiki. Ilikuwa alasiri, mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi, na tulikuwa tumerudi mapema kwa kuogopa mvua. Mdogo wangu akaingiza trekta bandani. Ardhi ilikuwa imeshalowa siku nne mfululizo. Mvua ikaja na upepo kutoka mashariki, na mimi nilikuwa dirishani naangalia kwa sababu nilijua pa kuangalia. Nguzo ya mbele ilianza kutingishika kama jino bovu. Kisha banda zima likaegemea upande, taratibu sana, ningeweza kuhesabu mpaka kumi, na likalala juu ya trekta. Bati zilipiga kelele kiasi kwamba hata ng'ombe walinyamaza.

Hakuna aliyeumia. Eksozi ilikatika, boneti ikabonyea, rejeta ikatoboka. Trekta likakaa wiki tatu, na wiki tatu zile ndizo zilizokuwa za kulima. Watu wa chini wakatafuta matrekta mengine, na wengine hawakurudi kwetu tena. Nilisimama kwenye mvua ile ile, nikiwa nimevaa kandambili, nikiangalia nguzo zangu zilivyong'oka, nzimanzima, na mawe yake yakiwa bado yamezunguka mguu. Ziling'oka vizuri kabisa, kama mshili alivyotaka.

Kikao kilikaa sebuleni kwa mdogo wangu, kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe. Walikuja wazee watano na mshili. Tulikunywa chai kwanza. Nilikuwa nimeitafuta ile mbao iliyokatwa nikaikuta kwenye zizi, imewekwa kuzuia ng'ombe asimwage majani. Nikaja nayo nikaiweka mezani kando ya birika. Mshili akaigeuza geuza.

"Nani aliikata?"

"Mimi," mdogo wangu akasema. Hakuficha. Hilo nampa.

"Dada yako alijua?"

"Aliikuta imekatwa. Nikamweleza."

Mshili akanigeukia. "Ukasema nini, mwanangu?"

Nilitaka kusema kwamba niliona, kwamba nilikuwa na hasira, kwamba tulikuwa na kazi ya watu. Lakini niliulizwa nilisema nini.

"Nilisema sawa."

Mzee mmoja akasafisha koo. Mwingine akachukua kipande cha pili cha mkate. Nikaona jambo limeshakwisha, na hapo hasira ikanipanda, nikasimama, na mwanamke hasimami kwenye kikao kile.

"Wazee wangu, nguzo zile zingekuwa na zege zisingeanguka hata mngekata mbao zote. Saruji nilinunua. Ninyi ndio mlionikataza."

"Kaa, mwanangu," mshili akasema kwa upole. Nikakaa. "Sisi hatukukuagiza ujenge. Wewe ulitaka kujenga, tukakuruhusu. Banda lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Basi."

Nilimwangalia mama. Alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama wanawake wanavyokaa kwenye vikao vyetu. Akanitikisia kichwa kidogo sana, ninyamaze. Niliwachukia wote, naye nikamchukia, na mimi mwenyewe nikajichukia kuliko wote, kwa ile sawa, na kwa miaka yote niliyojibu sawa kabla yake. Ningekuwa mbishi kama walivyokuwa wananiita, banda lingekuwa limesimama.

Niliagizwa kulitengeneza trekta, na kuleta mbuzi tule pamoja kuondoa kinyongo. Planta nikamuuzia mkulima wa Mbuguni, na fedha yake ndiyo iliyorudisha rejeta na eksozi. Mbuzi alichinjwa Jumamosi. Nyama ilikuwa laini na watu walicheka, na mdogo wangu akanikatia kipande cha ini kwa mkono wake mwenyewe mbele za watu, kuonyesha kwamba yamekwisha. Nilikila. Bati zangu zilizopona nilizipanga nyuma ya choo. Plau, haro na tela vikarudi kando ya ua, chini ya turubai jipya ambalo halikufika hata miezi sita.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mdogo wangu akaamua kujenga banda. Hakuniambia, na hakuwa na sababu ya kuniambia. Niliona lori la mchanga linaingia, kisha kokoto, kisha saruji ikapangwa barazani kwake mpaka ikafunika dirisha. Akaleta fundi kutoka mjini aliyezoea nyumba. Wakaanza kuchimba pale pale lilipokuwa langu.

Niliapa sitatia mguu. Nikakaa nje ya chumba changu nachambua mchele na kuwaangalia kwa pembeni. Walikuwa wanauelekeza uwazi wa banda mashariki, upepo wa mvua unakotokea. Nikaendelea na mchele. Wakasimamisha nguzo ya kwanza, fundi akafumba jicho moja akasema imenyooka, na haikuwa imenyooka. Nikaendelea. Ya pili wakaipunguzia kina kwa sababu walikutana na jiwe. Nikaweka ungo chini. Sijui niseme nini juu ya hilo. Mtu mwingine angeacha lianguke. Mimi siwezi kuangalia nguzo ikisimamishwa vibaya nikakaa kimya, ni ugonjwa, baba aliniachia na ugonjwa huo pia.

Nikawaambia wageuze uwazi uelekee magharibi. Nikawaambia jiwe litolewe, lisikwepwe. Fundi akamtazama mdogo wangu, naye akamwambia, "Msikilize dada." Nikawapa upana wa haro na nafasi ya mtu kuzunguka akifunga pini. Nikawapa kimo cha eksozi na kiganja kimoja juu yake. Nikashika pima maji mwenyewe. Zege la kila shimo nililiangalia likimwagwa, nikalichokonoa kwa fimbo litoe hewa, nikamwambia fundi asubiri siku saba kabla ya kupandisha kenchi, na akasubiri. Mbao za mshazari niliziweka mahali ambapo trekta halitazigusa kamwe. Ndilo banda zuri kuliko yote niliyowahi kuyatia mkono. Halitaanguka mimi nikiwa hai, wala kijana wangu akiwa hai.

Siku bati la mwisho lilipopigiliwa mdogo wangu alikuja akasimama karibu nami. Alikuwa na vumbi la saruji kwenye nywele na uso umejaa furaha. Akaitikisa nguzo kwa mikono miwili, haikusogea hata kidogo.

"Dada, limekaa," akasema. "Na zana zako usiziache tena nje zikaharibika. Nafasi ipo. Zilete humu, na wewe ukitaka kuja kukaa kama zamani, njoo muda wowote. Karibu sana."

Nilizaliwa hatua ishirini kutoka pale, katika chumba ambacho sasa mkewe anawekea magunia. Yeye nilimbeba mgongoni juu ya udongo ule ule kabla hajajua kutambaa, nikimzungusha shambani mpaka alale. Nilimwangalia nikitafuta dhihaka machoni mwake, kejeli, chochote ambacho ningeweza kukirushia neno. Hakikuwepo. Alikuwa ananikaribisha kwa moyo wote.

Nikamwambia asante.